Mbona Longibodi Haina Breki? Historia Fupi ya Kushuka Mlima

Leo tuziache lugha za programu zipumzike kidogo. Nataka tuzungumzie teknolojia isiyo na skrini wala kibodi, nayo ni breki. Hasa breki ya longibodi, ule ubao mrefu wenye magurudumu manne, ndugu mkubwa wa sketibodi, ambao vijana husimama juu yake na kuteremka nao mlima.

Baiskeli ina breki. Gari lina breki. Hata lifti ya ghorofani ina breki. Longibodi ya kawaida, ambayo kwenye mteremko mkali inaweza kupita kilomita 50 kwa saa, hutoka dukani bila breki yoyote. Kwa nini? Na mtu akitaka kuifungia breki ili ateremke kwa usalama zaidi, historia ina nini cha kumfundisha?

Mimi ni mwandishi wa programu, si fundi wa magari. Lakini kadiri nilivyosoma habari za breki ndivyo nilivyoona kwamba swali lake kubwa ni lile lile tunaloulizana kazini kila siku: kitu kikiharibika katikati ya shughuli, mfumo ubaki katika hali gani? Shika swali hilo, tutalirudia.

Fidla na kioo cha pauni 500

Tuanzie London, karne ya 18. Kulikuwa na fundi aitwaye Joseph Merlin, mzaliwa wa Huy, mji ambao leo uko Ubelgiji. Alifika London mwaka 1760 akapata sifa kwa kutengeneza saa, ala za muziki na mitambo ya kushangaza watu. Mwaka 1825 mwandishi Thomas Busby alikisimulia kisa chake mashuhuri. Merlin alikwenda kwenye karamu ya watu waliovaa vinyago mtaani Soho, miguuni akiwa na viatu vya magurudumu alivyovibuni mwenyewe, mikononi akipiga fidla. Aliteleza vizuri sana. Shida ni kwamba viatu vyake havikuwa na njia ya kupunguza mwendo wala ya kukata kona. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kioo kikubwa cha thamani ya zaidi ya pauni 500. Kioo kikavunjika, fidla ikavunjika, na Merlin mwenyewe akaumia vibaya.

Ukitazama vizuri, chombo chochote cha magurudumu kina kazi tatu: kwenda, kukata kona na kusimama. Merlin alikuwa amemaliza kazi ya kwanza tu.

Kazi ya pili ilisubiri karibu miaka mia moja. Mwaka 1863 James Plimpton wa New York alipata hataza ya viatu vya magurudumu manne ambavyo ekseli zake ziliegemea mipira. Ukiulalia mguu upande mmoja, ekseli zinageuka na kiatu kinakata kona. Ukipindua longibodi yoyote leo utaona wazo hilo hilo: ekseli mbili, mpira katikati, na kona inayokatwa kwa kuulaza mwili. Kazi ya tatu, yaani kusimama, iliachiwa mpandaji.

Baiskeli zilijifunza kwa kuanguka

Baiskeli zilipitia njia hiyo hiyo, lakini zenyewe zilifika mwisho. Zile baiskeli za miaka ya 1870, zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, pedali zake zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Nyingi zilikuwa na breki ya kijiko, yaani kipande cha chuma kinachosukumwa juu ya tairi la mbele. Mpandaji alikaa juu kabisa, karibu sambamba na gurudumu hilo. Akiishika breki kwa nguvu, gurudumu lilisimama na yeye akaendelea na safari, kichwa kikitangulia. Baadhi ya wapandaji walipoteremka mlima waliitoa miguu kwenye pedali na kuitundika juu ya usukani, ili wakirushwa waangukie miguu.

Hebu fikiria. Breki ipo, na kuitumia ndiyo hatari yenyewe! Tatizo halikuwa ukosefu wa breki, lilikuwa mahali uzito wa mtu ulipokaa. Baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley, mwaka 1885, ilimshusha mpandaji chini na kumweka katikati ya magurudumu mawili yanayokaribia kulingana. Hapo ndipo breki ilipoanza kuwa rafiki. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ikaja breki iliyofichwa ndani ya habu ya nyuma, ambayo mpandaji huishika kwa kuzikanyaga pedali kinyumenyume.

Breki hiyo ya habu ilikuja kupewa mtihani mgumu mno miaka ya 1970. Katika kaunti ya Marin, California, vijana walichukua baiskeli nzee za aina hiyo wakaanza kushindana kuteremka njia ya vumbi karibu na mji wa Fairfax. Shindano la kwanza lilifanyika Oktoba 1976. Njia ilikuwa ya zaidi ya kilomita 3 na ilishuka karibu mita 400. Habu zilipata moto hadi grisi iliyomo ndani ikaungua na kutoka kama moshi. Baada ya mteremko mmoja ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi mpya, na ndiyo sababu njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Baiskeli za milimani za leo zina mizizi yake pale.

Tupige hesabu kidogo. Mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 100, wakishuka mita 400, wanaachilia takribani kilojuli 390 za nishati. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji kutoka baridi ya kawaida. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo. Inayobaki lazima iende mahali, na mahali penyewe ni breki. Breki haiui mwendo, bali huugeuza kuwa joto. Neno hilo tutalihitaji.

Ubao uliokuja bila kazi ya tatu

Sketibodi ilizaliwa California miaka ya 1950, watelezaji wa mawimbi walipotafuta mchezo wa nchi kavu siku ambazo bahari imetulia. Walichukua ubao wakaufungia magurudumu ya viatu vya kuteleza. Mwanzoni yalikuwa ya chuma, kisha ya mchanganyiko wa udongo mgumu. Yalikuwa magumu, yalikwama kwenye kokoto ndogo tu, na mwendo wake ulikuwa na mpaka. Hata hivyo majeraha yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1965 miji kadhaa ya Marekani iliupiga marufuku mchezo huo barabarani.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kijana aitwaye Frank Nasworthy aliona magurudumu ya poliyurethani yakitengenezwa Virginia kwa ajili ya viatu vya kuteleza vya kukodisha, akayajaribu kwenye sketibodi. Kufikia 1973 alikuwa akiyauza California kwa jina la Cadillac Wheels. Magurudumu haya yalishika lami, yalimeza kokoto, na yalikwenda kasi. Kwa hatua moja, mwendo uliokuwa hauwezekani ukawa wa kawaida.

Sasa angalia kilichotokea. Kazi ya kwanza iliboreshwa sana. Kazi ya pili iliboreshwa pia, kwa sababu magurudumu yalishika kona. Kazi ya tatu haikuguswa. Mwaka 1975 mashindano ya mbio za mteremkoni yakaanza katika mji wa Signal Hill, jirani na Long Beach. Mshindi wa mwaka huo, akiwa amesimama wima juu ya ubao, alifika takribani kilomita 80 kwa saa. Miaka iliyofuata wengine walikuja na vyombo vya kulalia na vingine vilivyofunikwa kama vigari. Majeruhi wakaongezeka, na baada ya 1978 mashindano hayo yakaisha.

Wapandaji hawakukaa kungoja kiwanda. Waliufanya mwili wenyewe kuwa breki. Njia ya kwanza ni kuburuta soli ya kiatu kwenye lami, mguu wa mbele ukiubeba uzito wote. Njia ya pili ni kusimama wima na kutanua mikono ili upepo ukuzuie. Ya tatu ni ngumu zaidi: kuugeuza ubao ukae kimshazari ili magurudumu yateleze badala ya kubingirika. Cliff Coleman, aliyekuwa akiteremka vilima vya Berkeley, aliiendeleza njia hii miaka ya 1970 kwa kuchuchumaa na kuegemeza mkono wenye glavu ngumu barabarani. Hadi leo inaitwa kwa jina lake, na watelezaji wa mteremkoni wanavaa glavu zenye vipande vya plastiki ngumu viganjani.

Kwa hiyo jibu la "mbona haina breki" si kwamba hakuna aliyefikiria. Ni kwamba mchezo ulitoka baharini, ambako hakuna breki, na ustadi ukachukua nafasi ya kifaa. Tena ubao hauna usukani wa kufungia mkono wa breki, ekseli zake zinapinda kila wakati, na miguu ya mpandaji lazima iwe huru kusogea. Gharama yake inalipwa na anayeanza kujifunza, kwa sababu mlima hausubiri ahitimu.

Tairi kuukuu la Goma

Kuna chombo kingine cha kushuka mlima ambacho wasomaji wetu wa mashariki ya Kongo wanakijua kuliko mimi. Ni chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayobeba mamia ya kilo za viazi, makaa na mbao kutoka vilimani hadi mjini Goma. Mjini humo kuna hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu. Chukudu ilitokana na haja ya kubeba mzigo, si mchezo, na mwenye mzigo hawezi kumwambia mteja kwamba ustadi utakuja baadaye. Ndiyo maana mafundi wengi hufunga kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, na dereva hukikanyaga kwa mguu anapotaka kupunguza mwendo. Mikokoteni yetu ya Nairobi na Mombasa ina binamu wa breki hiyo: vipande vya tairi vilivyofungwa nyuma, ambavyo huburuta lami msukumaji anapoinua mikono ya mkokoteni.

Msiidharau breki hii. Ina sifa mbili ambazo vifaa vya bei ghali huzikosa. Nguvu yake inalingana na unavyokanyaga, kwa hiyo haishiki kwa ghafla. Na ukiutoa mguu, inaachia.

Ukitaka kuifungia longibodi breki

Zipo breki za kuongezea longibodi. Nyingine hukandamiza gurudumu lenyewe kwa pedali ya mguu, nyingine hutumia ngoma au diski ndogo iliyofungwa kando ya gurudumu, na nyingine hushusha kipande cha mpira hadi barabarani. Historia tuliyoipitia inatupa maswali ya kuuliza kabla ya kununua, au kabla ya kumpelekea fundi wa jua kali mchoro wako.

Kwanza, joto litakwenda wapi? Chukua mtu na ubao wenye jumla ya kilo 80. Kusimama mara moja kutoka kilomita 40 kwa saa ni kilojuli 5 hivi. Lakini kushuka mlima wa mita 50 huku ukizuia mwendo usiongezeke ni karibu kilojuli 39, yaani mara nane. Joto lote hilo likiingia kwenye gramu 200 za alumini, lingepandisha nyuzi zaidi ya 200 za Selsiasi. Upepo hupunguza, lakini umeona ukubwa wa kazi. Poliyurethani hulainika ikipata moto, kwa hiyo breki inayosugua gurudumu moja kwa moja inaweza kufaa kusimamia njiani lakini isifae mteremko mrefu. Hilo ndilo somo la Repack.

Pili, uzito wako uko wapi? Umesimama wima, na kitovu cha uzito kiko karibu mita moja juu ya ubao. Ukijilaza nyuma hadi kitovu hicho kiwe sentimita 30 nyuma ya mguu wa mbele, breki inaweza kukupunguza kwa takribani theluthi ya mvutano wa dunia kabla hujarushwa mbele. Kwa kilomita 40 kwa saa, hiyo ni kama mita 20 za barabara tambarare ili usimame. Kwenye mteremko ongeza. Breki kali kuliko hapo haikusaidii lolote, inakurudisha kwenye ile baiskeli ya gurudumu kubwa.

Tatu, je, inashika kushoto na kulia sawasawa? Ekseli ya ubao ni ya kugeuka. Gurudumu moja likishikwa kuliko mwenzake, ubao unavutwa upande huo bila wewe kutaka. Na magurudumu ya nyuma yakifungwa kabisa, yanaanza kuteleza na ubao unataka kugeuka nyuma mbele.

Nne, na hili ndilo kubwa: ikikatika, nini kitatokea? Hapa inabidi tupande treni.

Mabehewa ya Armagh

Mwaka 1869 George Westinghouse wa Marekani, akiwa kijana wa miaka 22, alipata hataza ya breki ya treni inayotumia hewa. Dereva alisukuma hewa kupitia bomba hadi kila behewa, na hewa ikazikaza breki. Ilikuwa kazi nzuri, ila yenye shimo: bomba likipasuka au mabehewa yakikatika, hewa inatoka na breki zinakufa wakati zinapohitajika kuliko wakati wowote. Mwaka 1872 akaugeuza mpango wote. Bomba lilijazwa hewa muda wote, na hewa hiyo ndiyo iliyozizuia breki zisikaze. Bomba likipasuka, breki zinajikaza zenyewe. Ukimya ukawa amri ya kusimama.

Si wote waliobadilisha. Tarehe 12 Juni 1889, huko Ireland, treni iliyojaa watu wa matembezi ya shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima karibu na Armagh. Breki zake zilikuwa za aina isiyojikaza. Wafanyakazi waliamua kuigawa treni ili kichwa kivute nusu ya kwanza. Walipoyafungua mabehewa ya nyuma, breki zake ziliachia, yakabaki yakishikiliwa na breki moja ya mkono na mawe chini ya magurudumu. Kichwa kilipojaribu kuondoka kilirudi nyuma kidogo na kuyagusa. Yakaanza kuteremka, yakagongana na treni iliyokuwa ikija nyuma. Watu wapatao 80 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Kabla miezi mitatu haijaisha, bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kulazimisha breki zinazojikaza kwenye treni za abiria. Teknolojia ilikuwa imekuwepo kwa miaka 17.

Sisi wa programu tumelelewa na wazo hilo la Westinghouse. Mawasiliano yakikatika, simamisha muamala. Seva isipojibu, funga mlango. Tunaiita hali salama, na kwetu mara nyingi maana yake ni kusimama.

Lakini kwenye longibodi, kusimama si hali salama! Abiria wa treni ameketi ndani ya tani kadhaa za chuma. Mpandaji amesimama juu ya ubao na hakuna kinachomshika. Breki yake ikijikaza ghafla kwa kilomita 40 kwa saa, itamtupa. Ikiachia ghafla, mlima utamchukua. Hakuna upande ulio salama.

Ndiyo maana longibodi za umeme ni somo zuri. Boosted, kampuni iliyoanzia Stanford na kujulikana 2012, ilifanya breki ya mota kuwa kitu cha kawaida kabla ya kufungwa 2020. Unabonyeza rimoti, mota inageuka jenereta, na nishati ya mteremko inarudi kwenye betri. Ni suluhisho maridadi la tatizo la joto. Sasa fikiria mtu anayekaa juu ya mlima, amechaji betri hadi imejaa, kisha anaanza safari kwa kuteremka. Umeme hauna pa kwenda. Kidhibiti kinalazimika kupunguza breki au kuikata ili betri isiharibike. Rimoti nayo ikipoteza mawasiliano, mwandishi wa programu ameshaamua kwa niaba yako, mezani kwake, utupwe au uachiliwe. Hakuna mstari wa msimbo unaoweza kuchagua vizuri hapo.

Jibu ninaloliamini ni la zamani: njia mbili zisizotegemeana. Breki yoyote utakayoifunga, iwe ya pekee yake, inayoshika polepole kwa kadiri unavyokanyaga kama ya chukudu, na mguu wako ubaki breki ya pili ambayo haina betri, waya wala boliti. Jifunze kuburuta soli kwenye mteremko mdogo kabla hujafunga kifaa. Kofia ngumu kichwani, kila siku.

Na tuwe wakweli kuhusu jambo moja. Breki ya Westinghouse haikupunguza mwendo wa treni, iliuongeza, kwa sababu madereva sasa waliweza kusimamisha treni nzito zaidi na za kasi zaidi. Longibodi yenye breki itakushawishi vivyo hivyo. Utatazama mlima uliokuwa ukiuogopa na kuona kumbe unawezekana. Kipimo changu ni hiki: usiruhusu breki ikupe mwendo ambao mguu wako peke yake hauwezi kuumaliza.

Kama umewahi kufunga breki kwenye ubao, mkokoteni au chukudu, hebu tueleze hapo chini uliitengenezaje na ilikuwaje ilipopata moto. Wengine wetu tunahitaji kujua kabla ya mlima unaofuata. Hadi wakati mwingine, kwaherini.